PinePhone ya RAM GB 3 badala ya GB 2: dola 50 za ziada zina maana kweli?

mwalimu_tororo

Habari za jioni ndugu zangu. Nina swali la pesa, na ningeomba anijibu mtu aliyewahi kuitumia simu yenyewe kwa mikono yake.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Tororo. Laptopu yangu ilikufa mwezi wa tano, bodi imeungua, na fundi ameniambia waziwazi nitafute nyingine. Nimetumia Debian, mfumo wa Linux, miaka sita na sitaki kuiacha. Simu niliyo nayo ni ya Android. Ilipata masasisho miaka miwili tu, kisha waliotengeneza wakaisahau, na mpaka leo kioo chake ni kizima na betri inafika jioni. Jambo hilo limeniuma kuliko hata laptopu. Kifaa kizima kinaitwa kizee kwa sababu tu hakuna anayekiandikia programu tena! Ndiyo maana nimeamua kitu nitakachonunua sasa kiwe simu ya Linux: mfukoni iwe simu, na nikifika ofisi ya walimu niichomeke kwenye skrini iwe kompyuta. Skrini na kibodi zipo pale, hazina kazi.

Nimeitazama PinePhone ya Pine64. Kuna ya RAM GB 2 na hifadhi GB 16 kwa dola 149. Kuna ya RAM GB 3 na hifadhi GB 32 kwa dola 199, na hii inakuja na kile kisanduku cha kuunganishia HDMI, USB na waya wa intaneti. Mengine yote ni yale yale: prosesa Allwinner A64, skrini ya inchi 5.95, betri ya kutoa na kurudisha.

Dola 50 nikizihesabu kwa shilingi 3,600 ni 180,000. Nyumbani kwangu hiyo ni posho, maharage na mkaa, na bado inabaki ya daftari za watoto. Nimekopa kwenye SACCO, kwa hiyo kila elfu kumi nitailipa na riba.

Kazi zangu ni hizi. Natunga mitihani kwa LibreOffice, na tangu baraza la mawaziri liidhinishe mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima, karatasi zimeongezeka na mtungaji ni mimi peke yangu. Nafungua PDF za vitabu. Makundi ya WhatsApp ya wazazi na ya walimu siwezi kuyakwepa. Na mobile money.

Je, GB moja zaidi nitaiona kwa macho? Au ninunue ya GB 2, halafu ikinisumbua niongeze memori kadi?

---

benchi_la_arua

Mwalimu, usitoe pesa hiyo. Niko Arua, natumia ya GB 2 tangu 2021 na sijawahi kukwama. Nimeweka postmarketOS, mfumo wa Linux wa simu, yenye Sxmo, mazingira mepesi sana, unaendesha mambo mengi kwa vitufe vya pembeni. Ujumbe, simu, redio, kuandika maandishi ya kawaida, kusoma vitabu usiku. Nikiiwasha tu, RAM iliyotumika haifiki hata robo. Watu wananunua RAM kwa woga.

---

wakala_malaba

Mwalimu, pole kwa laptopu. Mimi nimezitumia zote mbili, na kwa namna ambayo si wengi wamepata nafasi nayo.

Nilianza na ya GB 2 mwaka 2020, ile yenye nembo ya mradi wa UBports mgongoni. Nikakaa nayo karibu miaka miwili. Kisha nikaagiza bodi ya GB 3 peke yake na kuibadilisha mwenyewe mezani, kwa bisibisi na kadi ya plastiki ya kubandulia. Skrini ilibaki ile ile, kava lile lile, betri ile ile, hata mfumo ulikuwa ule ule wa Mobian kwenye memori kadi ile ile, kwa sababu PinePhone ikikuta mfumo kwenye kadi inaanza na kadi kabla ya hifadhi ya ndani. Kwa hiyo nilichokiona baada ya siku ile kilitokana na RAM, sikuwa nimegusa kitu kingine cha maana.

Nianze na memori kadi, maana hapo wengi wanapoteza pesa. Mimi ni wakala wa forodha, niruhusu nitumie lugha ya kazini. Kadi ni ghala. RAM ni uwanja ambapo malori yanasimama yakikaguliwa. Ukijenga ghala la pili, uwanja haukui hata hatua moja, na malori yakijaa uwanjani lazima moja litolewe nje hata kama karatasi zake hazijaisha. Ghala la PinePhone unaweza kuliongeza mwaka ujao, mwaka wa kesho kutwa, siku yoyote ukipata kadi nzuri. RAM imechomelewa kwenye bodi. Uliyonunua ndiyo utakayokaa nayo, au ufanye kama mimi ununue bodi nzima, na niliumia kwa bei.

Sasa hilo lori linalotolewa nje nalijua kwa jina. Mwaka 2021 nilikuwa na mzigo wa mafuta ya kupikia unaopita kwenda Juba. Nilikuwa najaza fomu kwenye kivinjari, ukurasa mmoja wa fomu, mwingine wa ankara, PDF ya orodha ya mizigo pembeni, Telegram iko wazi kwa sababu dereva alikuwa ananitumia picha za lakiri za mzigo. Nilikuwa nimefika dakika ya arobaini. Dereva akapiga simu, nikapokea, tukaongea. Niliporudi, kivinjari hakipo. Hakikuniambia kitu, kilikuwa kimetoweka tu. Nikafungua terminali nikaandika dmesg, amri inayoonyesha taarifa za mfumo, na pale chini nikakuta maneno "Out of memory: Killed process" na jina la kivinjari changu. RAM ikiisha kabisa, kerneli, yaani kiini cha Linux, huchagua programu ya kuua ili mfumo wote usigande, na kwa kawaida inayochaguliwa ni ile inayokula nyingi zaidi. Ilifanya inavyopaswa kufanya. Lakini fomu ilikuwa yangu, na dereva alilala mpakani usiku ule.

Hayo hayakunipata mara moja. Kwa wastani kila wiki ilinipasa kuanza upya kitu fulani. Baada ya kubadilisha bodi, kazi zile zile, kurasa zile zile, karibu yaliisha kabisa. Nakumbuka mara mbili tu katika mwaka mzima, na zote nilikuwa nimejisahau na kurasa kumi na kitu.

Lakini nisikudanganye upande wa pili. Kasi haikubadilika. Kabla ya kutoa bodi ya zamani nilihesabu sekunde kivinjari kinavyofunguka kikiwa kimefungwa kabisa, na nikahesabu tena kwenye mpya, tofauti sikuiona. A64 ina viini vinne vya Cortex-A53 vinavyokwenda karibu 1.2 GHz, na chipu ya picha ni Mali-400 MP2, muundo wa miaka mingi. Kusogeza ukurasa mrefu kutakuwa kuzito kwenye GB 2 na kuzito vile vile kwenye GB 3. Anayenunua RAM ili simu ikimbie atasikitika. RAM ya ziada ina kazi moja: vitu ulivyovifungua uvikute ulipoviacha.

Na hizo GB 2 zenyewe hupati zote. Mali-400 haina kumbukumbu yake, inakula kutoka kwenye RAM hiyo hiyo. Kwangu free -h, amri ya kuonyesha RAM, ilikuwa inaonyesha jumla ya 1.9, na Phosh, ile sura ya mfumo unayoiona kwenye skrini, ikiwaka tu bila programu hata moja, nilikuwa nimeshatumia megabaiti mia sita hadi mia saba. Unapoangalia amri hiyo, usitishwe na safu ya "free". Linux hutumia RAM iliyolala kutunza faili zilizosomwa karibuni, kwa hiyo "free" itakuwa ndogo daima. Tazama "available", hiyo ndiyo nafasi ya kweli.

Kuna zram pia, na mtu atakuja hapa kukuambia kwamba inatosha. Ni sehemu ya RAM inayotumika kama swapu (mahali pa kuhamishia data RAM ikijaa) iliyobanwa: data isiyoguswa kwa muda inakunjwa kwa mbinu kama lz4 au zstd, mara nyingi ikashuka chini ya nusu ya ukubwa wake. Nimeiwasha na inasaidia kweli, nisingeizima. Lakini kubana na kukunjua kunafanywa na prosesa, na prosesa yetu ndiyo hiyo. Ukipita mpaka fulani unahisi simu inahema. Swapu ya kawaida kwenye hifadhi ya ndani sikushauri, ni ya polepole na inaichosha hifadhi kwa kuandika andika.

Ndugu yangu wa Arua amesema kweli kwa kazi zake. Sxmo na maandishi, GB 2 inabaki tele. Ila Mwalimu umetaja LibreOffice, PDF na WhatsApp, na WhatsApp haina programu yake ya Linux. Utaitumia kwa njia mbili. Ama WhatsApp Web ndani ya kivinjari, ambayo peke yake inabeba mzigo kuliko Phosh yote, au Waydroid, ambayo inaendesha Android nzima ndani ya Linux, na hiyo kwenye GB 2 nilijaribu nikaacha siku hiyo hiyo. Ukichagua Web, ile simu yako ya Android usiigawe. Iweke droo ya ofisini na laini ya WhatsApp, kwa sababu simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa vinatolewa nje.

La mwisho ni la forodha, na hili ni la bure kwa mwalimu. Hiyo tofauti yako si 180,000. VAT ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafirishaji, bima na ushuru. Kwa hiyo 180,000 ikifika hapa inakuwa 212,400, kabla sijagusa ushuru wenyewe. Ipangie hiyo. Lakini weka pia upande wa pili wa mizani: kile kisanduku cha HDMI unakihitaji kwa vyovyote, maana mpango wako wote umekaa juu ya skrini ya ofisi ya walimu. Ukinunua ya GB 2 utakinunua peke yake, utalipa usafiri wake, na VAT yake. Ukitoa bei yake, hiyo GB moja na zile GB 16 za hifadhi zinakuwa zimebaki na bei ndogo.

Na kama kuna mtu atakuuzia iliyotumika, geuza mgongo kwanza. Ukiona nembo ya UBports, ni bodi ya GB 2 ya mwanzo, na bodi hizo zina kasoro kwenye sehemu ya USB-C, haitoi picha kwenye HDMI bila kurekebishwa kwa chuma cha kuchomelea. Kwako haifai hata ikiwa nusu bei.

---

wandegeya_usiku

Mnamnunulia Mwalimu kifaa dhaifu halafu mnabishana juu ya GB moja. OnePlus 6 iliyotumika ina RAM GB 6 au 8, Snapdragon 845, na postmarketOS inaiendesha vizuri. Mimi ninayo hapa chuoni, nafungua kurasa ishirini na haihemi. Kamera haijakaa sawa, na betri imefungwa ndani, hilo nakubali.

---

wakala_malaba

Kijana, kwa mfukoni OnePlus 6 inaishinda PinePhone mbali sana, sina ubishi. Lakini USB-C yake ni ya USB 2.0 na haitoi picha nje. Mwalimu ataichomeka kwenye skrini ipi? Yeye amepoteza laptopu, anatafuta kompyuta. PinePhone Pro yenye GB 4 ingekuwa jibu zuri, lakini ilikuwa dola 399 na uzalishaji wake umesitishwa.

Mwalimu, kabla hujatoa hata shilingi kuna jaribio unaweza kulifanya. Je, shuleni kuna kompyuta yoyote inayokubali kuwaka kwa flashi? Weka Debian ya live, ile inayowaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, kwenye flashi. Menyu ya kuanzia ikitokea, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, ongeza nafasi na mem=2G, kisha bonyeza Ctrl na X. Kompyuta itawaka ikidhani ina GB 2 tu. Fanya kazi yako ya kawaida kwa saa moja, na kila baada ya muda andika free -h. Kesho yake rudia na mem=3G. Faili zako zihifadhi kwenye flashi nyingine, kwa sababu mfumo wa live unaandika kwenye RAM yenyewe na utaharibu hesabu. Prosesa ya kompyuta ni tofauti, kwa hiyo kasi usiipime, pima nafasi tu.

---

mwalimu_tororo

Nimerudi. Samahani kwa siku tisa za kimya, tulikuwa tunasahihisha.

Nimelifanya jaribio kama ulivyoandika, kwenye kompyuta ya maktaba, Jumanne na Jumatano. Nilifungua mtihani wa kidato cha tatu kwenye LibreOffice, kurasa nane zenye picha mbili za ufahamu. PDF ya kitabu cha mashairi. Kivinjari chenye WhatsApp Web na kurasa tatu.

Kwa mem=2G nilikaa vizuri kama dakika ishirini. Kisha wazazi wakaanza kutuma picha za risiti za ada kwenye kundi, na ile "available" ikashuka hadi 140M. Panya akawa anaruka ruka. Nikajaribu kugeuza mtihani kuwa PDF ili niupeleke kuchapishwa, mfumo ukaganda, kisha ukurasa wa WhatsApp ukafa wenyewe na kuandika kwamba umeanguka. Mtihani ulipona kwa kuwa nilikuwa nimeuhifadhi, lakini nilikaa pale mikono kichwani. Ningekuwa natunga karatasi ya mwisho ya mwaka usiku, ningelia.

Kwa mem=3G, kazi ile ile, wazazi wale wale, picha hazikupungua. Haikushuka chini ya 800M. Niligeuza PDF, nikaituma, nikaendelea.

Nimelielewa jambo moja ambalo sikuwa nimelifikiria nilipouliza. Nilikuwa napima dola 50 kwa posho na mkaa. Nilipaswa kuzipima kwa usiku nitakaotunga tena kitu nilichokwisha kukitunga. Ndugu wa Arua, nakushukuru, na kama maisha yangu yangekuwa maandishi tu ningekufuata. Lakini wazazi wa watoto 140 hawatahama WhatsApp kwa ajili yangu.

Nanunua ya GB 3. Nimemwandikia mweka hazina wa SACCO aongeze 220,000 na amekubali, nitalipa hadi Aprili.

Bado nina maswali mawili. Mobile money itafanya kazi? Na nianze na mfumo upi, Mobian au mwingine?

---

wakala_malaba

140M! Hiyo ndiyo namba niliyokuwa nakutana nayo kabla ya fomu kupotea. Nimefurahi umeiona mwenyewe kabla ya kulipa.

Mobile money ya menyu inafanya kazi. Programu ya kupigia ya Phosh inakubali USSD, unaandika *165# ya MTN au *185# ya Airtel kama kwenye simu yoyote, menyu inatokea, unajibu kwa namba. Siku programu ikigoma, kuna amri ya mmcli kwenye terminali, nitakuonyesha, mimi nimewahi kumlipa dereva kwa njia hiyo saa nane usiku. Programu za mobile money za Android zenyewe usizitegemee.

Mfumo anza na Mobian, kwa sababu ni Debian na mikono yako imeizoea miaka sita. apt ile ile ya kusakinishia programu, faili za mipangilio mahali pale pale. Plasma Mobile ni nzuri kwa macho, ijaribu baadaye kwenye kadi nyingine bila kugusa ya kwanza.

Simu ikifika usiiweke SIM kwanza. Kuna vitufe vidogo sita chini ya kava la nyuma vya kuzima modemu, Wi-Fi, maikrofoni na kamera. Hakikisha cha modemu kimewashwa, wengi wanadhani simu ni mbovu kumbe kitufe. Wi-Fi yake ni ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo kama ruta ya shule imewekwa kwenye 5 GHz pekee, mwombe msimamizi awashe zote.

Na kabla hujaagiza, panda matatu Jumamosi uje Malaba, ofisi yangu iko upande wetu wa mpaka, nitakutumia maelekezo kwa ujumbe. Njoo na mtihani wako kwenye flashi. Tutaichomeka yangu kwenye skrini, utunge karatasi nzima hapo mbele yangu, ufungue na makundi yako ya wazazi. Uzito wa prosesa uusikie kwenye vidole vyako. Ukiona huuwezi, pesa bado iko mkononi. Leta memori kadi ya GB 32 pia, nikuandikie Mobian uende nayo.

---

mwalimu_tororo

Jumamosi saa nne nitakuwa hapo. Kadi ninayo.